Ukoka wa Mzee

Jumatatu, 6 Januari

Dada wa Mazoezi, yule wa hospitali anayekuja kila Jumanne kumnyoosha mume wangu viungo, ameniagiza niandike mgonjwa anaendeleaje. "Mstari mmoja tu kwa siku, mama. Alitembea, hakutembea, alikula, alikasirika." Nikamwambia hilo la mwisho litamaliza daftari. Akacheka. Anadhani ni utani.

Haya. Mgonjwa ni Mzee. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto kabla ya mwaka kwisha. Ulimi umerudi wote, tena na nyongeza. Mguu bado. Ndani sakafu ni ya vigae, na Mzee akiona vigae goti linakuwa uji, kwa sababu ndipo alipoangukia siku ile na mwili haujasahau. Lakini mbele ya nyumba kuna ukoka wake. Aliupanda mwenyewe alipostaafu ukaguzi wa mizani, kipande kwa kipande, kwa kamba na kipimo, akachomeka na kibao: USIKANYAGE. Wajukuu walikuwa wanapita pembeni kwa ncha za vidole. Leo yeye ndiye anayeukanyaga, peku, ameniegemea bega. Anasema hapo tu ndipo nyayo zinamsikia akizituma.

Alitembea mpaka kwenye kibao na kurudi. Alikula. Alikasirika.

Jumanne, 7 Januari

Joto. Alitembea.

Alhamisi, 9 Januari

Siku ya bomba. Mji unatupa maji mara moja kwa wiki, na kumwagilia kwa mpira ni marufuku. Nimejaza kila kitu chenye mdomo, mapipa, ndoo, sufuria, mpaka kile chombo cha maua ya plastiki. Maji ya nyumba hii yanafanya kazi kuliko mimi. Ya kuoga yanafua, ya kufua yanapiga deki, na yakishachoka hayajijui ndipo yanapelekwa kwenye ukoka. Ukoka wenyewe haujalalamika. Mzee analalamika kwa niaba yake.

"Hayo maji yana harufu ya soksi."

"Ni soksi zako, Mzee. Majani yanakujua."

Jumapili, 12 Januari

Leo aliniachia bega. Nilihisi tu nimekuwa mwepesi, nikageuka, nikamwona amesimama peke yake, mkono mzima ameutanua kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Akapiga hatua. Akapiga nyingine. Iliyofuata ilikuwa ya kwenda chini.

Nilipiga ukelele mbwa wa mtaa wakaitikia. Yeye kalala kifudifudi, mabega yanatikisika. Nikajua analia. Nikampindua. Anacheka, majani mdomoni.

"Umeona? Yamenidaka," akasema. "Vigae havina adabu hii."

Sasa nimeelewa kazi yangu. Miguu ni ya Dada wa Mazoezi. Mimi natunza majani.

Jumatano, 15 Januari

Mvua hakuna hata ya kusingiziwa. Nilikaa nikafikiri kwa akili yangu mwenyewe, ambayo nimekuwa nikiiamini tangu nikiwa mpokea simu, maana ukisikiliza maongezi ya watu wazima miaka yote hiyo unajiona umesoma. Nikasema: kichwa chenye nywele nyingi kinakula maji mengi kuosha. Basi majani mafupi yatakunywa kidogo. Nikaazima mashine kwa jirani wa mbele, tunayemwita Mama Sementi. Yake haina kazi tangu afunike ua wake wote kwa zege. Nikanyoa ukoka mpaka kwenye ngozi, Mzee akiwa amelala.

Alipoamka akachungulia dirishani.

"Mama watoto! Umeyavua nguo! Jua lote hili!"

"Nimeyapunguzia kiu."

"Umeyavua kofia, umeyavua viatu, umeyatupa nje, halafu unasema umeyapunguzia kiu!"

Hakula. Alikasirika kwa kupokezana, mchana kwa sauti, jioni kwa kununa.

Jumatatu, 20 Januari

Alisema kweli. Sijamwambia.

Ukoka umekuwa na rangi ya mkate uliosahaulika jikoni. Mama Sementi kaegemea ukuta wake anautazama kama anatazama sinema.

"Jirani, hebu nieleze. Nyumba hiyo ina mgonjwa mmoja au wawili?"

"Wawili. Mmoja hatukani."

"Nikuletee fundi wangu amwage zege. Ukishamwaga zege unalala usingizi."

"Na mgonjwa akianguka, aangukie zege?"

"Asianguke."

Mwanamke huyu moyo wake nao umepigwa plasta.

Alhamisi, 23 Januari

Bomba lilikohoa, likapumua, likanyamaza. Nimeliacha wazi mpaka jua limezama. Hata tone.

Ijumaa, 24 Januari

Wifi yangu amefika na mabegi. Amekuja kunisaidia kumuuguza kaka yake. Mgeni ni baraka, ila huyu anaoga asubuhi na jioni, na anaoga akiimba, na wimbo una beti nyingi. Nimetega beseni chini ya bomba la kutolea maji ya bafuni, nikakaa hapo kwenye kigoda. Akafungua kidirisha.

"Wifi! Unanichungulia?"

"Wewe nimekuona miaka yote. Nachungulia maji yako."

Kusema kweli amekuwa mvua yetu. Pale yanapofika maji yake pana chipukizi.

Alhamisi, 30 Januari

Bomba halikukohoa hata kidogo. Tangazo limebandikwa nguzoni: bwawa limeshuka, tuvumilie. Nimemkataza wifi kuoga kwa ndoo. Ajipanguse kwa kitambaa. Ameninunia, na wimbo umekwisha.

Maji ya kunywa nayachemsha na kuyapanga hivi: jagi la Mzee kwanza, limejaa, kando ya kiti chake dirishani. Kisha wifi. Kisha mimi. Mengine yote yatajijua.

Jumamosi, 1 Februari

Ukoka unalia chini ya mguu kama karatasi. Mzee alikanyaga, akaniachia bega kama kawaida, akaanguka. Safari hii haukumdaka. Kiwiko kimechunika, na nywele za utosini zimejaa vumbi. Hakucheka.

Tulimwinua mimi na wifi, yeye mzito kama gunia lililoloa. Kwenye kiti akasema taratibu, bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa:

"Basi. Nitatembea yakirudi."

"Yakirudi nini?"

"Majani."

Jumanne, 4 Februari

Dada wa Mazoezi kamshawishi, kambembeleza, kamwimbia. Alikataa. Nje kwenye geti akaninong'oneza, "Mama, misuli haisubiri mvua. Akikaa mwezi hivi, hatasimama tena." Nikasema nimesikia. Nilisikia vizuri sana. Natamani ningekuwa bado na zile waya za simu, nichomoe, maongezi yakatike.

Nimeyamwagia maji ya kuoshea mchele. Nimeyamwagia maji ya chupa ya joto iliyopoa. Juzi nilipiga mswaki nikaenda kutemea nje. Mtu akinitazama kwa mbali atasema mama yule kaachwa na akili, na mimi sina ushahidi wa kumpinga.

Jumatano, 5 Februari

Ajabu! Chini ya dirisha la Mzee, ukubwa wa mkeka mdogo, ukoka ni kijani. Si kijani cha kubahatisha. Kijani chenyewe, kinene, kinachopendeza kukipapasa. Nilipiga magoti nikakipapasa. Nikamwita wifi, nikamwita mpaka Mama Sementi avuke barabara.

"Umemwaga nini hapo?" akauliza.

"Juhudi," nikamjibu.

Mzee alikuwa anatuchungulia dirishani. Macho yake yalikuwa yanawaka. Sijamwona na macho hayo tangu aanguke.

Ijumaa, 7 Februari

Nimelichunguza jambo hili kwa kina. Chini ya dirisha kuna kivuli cha ukuta tangu saa sita. Kwa hiyo siri ni kivuli. Nimetoa mashuka yote, nikasimamisha mipini ya mafagio, nikatandaza mashuka juu ya ukoka kama paa. Wapita njia wananipa pole. Mmoja aliuliza msiba wa nani.

Joto la leo linachuna ngozi. Mzee anasinzia mchana kutwa. Glasi yake inarudi tupu kila mara, jagi linakwisha, nami nikasema afadhali, mgonjwa anakunywa vizuri.

Jumapili, 9 Februari

Mashuka hayajasaidia kitu ila kufubaa. Kile kipande cha dirishani kinazidi kunawiri. Mzee ameniita kwa jina la marehemu mama yake. Nikacheka, nikaitika. Yeye hakuwa anatania.

Jumanne, 11 Februari

Naandika nje ya wodi.

Asubuhi hakuamka vizuri. Midomo imepasuka, ulimi mkavu kama kipande cha mti, mkojo umeiva rangi ya chai ya rangi. Anazungumza na watu wa mizani, anawaambia jiwe hili limechongwa, hili si kilo. Nikajua kiharusi kimerudi kuchukua kilichobaki. Dada wa Mazoezi alipoingia akamvuta ngozi ya mkono kwa vidole. Ngozi ilibaki imesimama kama hema.

"Mama, anakunywa maji?"

"Kuliko sisi sote. Namjazia jagi mwenyewe. Glasi inarudi tupu."

Akanitazama. Sikupenda alivyonitazama.

Gari la wagonjwa halikupatikana. Mama Sementi alikuja mbio na viatu vya ndani, akatoa gari lake, akaendesha huku honi haitoki mkononi, na njiani akawa anamwambia Mzee, "Usinifie kwenye kiti, Mzee, nimetoka kukifua." Mzee akafumbua jicho moja. Nilimpenda mwanamke yule hapo hapo, na yote niliyoyaandika juu yake nyuma nayafuta kwa mstari huu.

Wamemtundikia dripu. Daktari anasema si kiharusi. Amekauka tu. Alisema hivyohivyo, "amekauka tu", kama nguo.

Jumatano, 12 Februari

Wifi alinisubiri ukumbini, nje ya wodi, mbele ya watu.

"Wifi, nikuulize. Kaka yangu ana kiu, majani yamestawi. Hilo unalielezaje?"

"Unasema nini?"

"Nasema nilichokiona kwa macho. Umeniwekea beseni mimi nikioga. Umenikataza ndoo. Maji ya mchele yako, maji ya mswaki yako. Utashindwaje kumpunja mgonjwa asiyeweza kuinuka kukagua jagi?"

Nilitaka kumjibu. Nimezaliwa na majibu. Lakini kila nilichokishika mdomoni kilikuwa na umbo la kweli yake. Kipande kile cha kijani nimekionyesha mtaa mzima kwa kidole changu mwenyewe. Watu kwenye benchi walikuwa wamenyamaza ule unyamavu wa kusikiliza, ninaoujua kuliko wote.

Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu.

Jumamosi, 15 Februari

Amerudi nyumbani. Akili imerudi, matusi bado hayajafika. Hajasimama. Wifi ndiye sasa anayechemsha na kujaza jagi, mimi nisiliguse. Nimekubali. Mtaani salamu zimekuwa fupi. Mama Sementi peke yake ameleta dumu la maji, akakaa nami kwenye kizingiti.

"Mimi nilikuwa na majani mazuri kuliko haya," akasema. "Kiangazi kile cha nyuma nilihangaika nayo kama wewe, na mume wangu hospitalini. Akafa, yakafa, wiki moja. Ndiyo maana nikamwaga zege. Sikutaka tena kitu cha kunitazama asubuhi kikiomba."

Tukawa tunatazama mashuka.

Jumatatu, 17 Februari

Nimemwona.

Ilikuwa mchana, wifi kapumzika. Nilipita nje kwa upande wa dirisha na beseni la maji ya vyombo. Kwanza niliona mkono. Mkono wa kulia, ule mzima, umetokeza katikati ya nondo, umeshika glasi. Ukaiinamisha polepole, kwa adabu, maji yakashuka kwa uzi mwembamba bila kutoa sauti, mkono ukisogea kidogo kidogo ili kila jani lipate. Mkaguzi wa mizani. Hakumwaga hata kidogo pembeni.

Nikasimama na beseni langu. Mkono ukarudi ndani, jagi likalia, mkono ukatoka tena.

"Mzee."

Glasi ikabaki hewani.

"Usipige kelele," akasema kutoka ndani. "Utamwamsha wifi yako."

"Tangu lini?"

"Tangu yalipoacha kunidaka."

"Ulikuwa unakufa, Mzee! Wananiita muuaji!"

"Nilikuwa nabakiza fundo moja moja."

Niliingia ndani nikampigia magoti mbele ya kiti. Nilimuuliza kwa nini. Alitazama mguu wake wa kushoto kama mtu anayemtazama mpangaji asiyelipa.

"Mahali pengine popote mimi ni furushi," akasema. "Mnanibeba, mnaniweka. Pale tu ndipo niliposimama mwenyewe. Nilitaka kibaki kipande cha kutosha nyayo mbili. Siombi uwanja."

"Nitakupa maji yangu uyamwagie."

"Na wewe ukauke? Nani atanibeba?"

Tulicheka kidogo, kicheko kibaya. Ameniahidi kunywa. Nilimwambia wifi kila kitu. Aliingia chumbani, akatoka akanipa kanga yake mpya. Ndiyo msamaha wake. Nimeupokea.

Jumanne, 18 Februari

Alikunywa mbele yetu. Joto. Alhamisi bomba litatoka, wanasema watu. Watu wanasema mengi.

Jumatano, 19 Februari

Nimeenda kukipapasa kile kipande. Udongo wake umeloa.

Alhamisi, 20 Februari

Bomba halikutoka.

Sikulala vizuri, lakini asubuhi akili ilikuwa nyeupe. Tungeweza kumlinda glasi kwa glasi, mimi na wifi, kama askari wa jela. Tungepitiwa siku moja. Na hata tusipopitiwa, angekuwa pale dirishani, koo linamwomba na majani yanamwomba, na mimi najua ni nani angemsikiliza.

Nikachukua jembe.

Nilipofika chini ya dirisha alikuwa amekaa mahali pake. Akaona jembe, akaona uso wangu.

"Mama watoto, weka hilo chini."

Sikuweka.

"Nasema weka chini! Nimeahidi, nitakunywa! Dada yangu! Dada, mzuie, amepatwa na wazimu!"

Nikainua. Pigo la kwanza liliruka juu juu, maana ukoka wake ulikuwa mnene, wenye afya, mizizi imeshikana kama vidole vya watu wanaoagana. Nikapiga tena. Udongo mweusi ulitokeza, wenye harufu ya mvua, na harufu ile ndiyo iliyonitoa machozi. Mzee alishika nondo kwa mkono wake mmoja akazitikisa. Aliniita mchawi. Aliniita jina ambalo hajawahi kuniita katika ndoa yote hii. Aliniambia nimemkata miguu. Nilimjibu kwa jembe. Wifi alikuja mbio akasimama, mikono kichwani, hakunizuia. Ng'ambo ya barabara Mama Sementi alitoka, akatazama, akarudi ndani akafunga mlango taratibu, kama mtu anayewaachia wenye msiba nafasi.

Nimeyang'oa yote. Nimeyakusanya kwenye karai nikayapeleka jalalani, mpaka mzizi wa mwisho, asije akaona hata unywele wa kijani. Kisha nikakunja mashuka.

Ijumaa, 21 Februari

Hasemi na mimi. Hakunywa asubuhi. Hakunywa mchana. Wifi alimbembeleza, akageuza uso ukutani. Nilikaa mlangoni na jagi mapajani. Ikiwa nimekosea, nimeua vyote viwili kwa jembe moja.

Jumamosi, 22 Februari

Bado.

Daktari amepigiwa simu. Kasema kufikia jioni, kama ni hivi, arudishwe kwenye dripu.

Alasiri nikaingia. Nikamimina glasi, nikaketi mbele yake juu ya vigae, nikaishika tu. Sikumbembeleza. Nje, pale dirishani, palikuwa pekundu na patupu, na jua limepakanyaga. Alipatazama muda mrefu. Kisha mkono wake ukaja, ukachukua glasi kwangu, ukasita katikati ya njia, mahali ulipozoea kupinda kwenda dirishani. Hapakuwa na pa kwenda.

Akanywa. Alikunywa kwa chuki, akinitazama juu ya ukingo wa glasi, koo linapanda na kushuka, mpaka tone la mwisho.

Akanirudishia.

"Jembe hujui kushika," akasema. "Mkono wa kushoto unakaa chini."

Nikammiminia nyingine.